Nilikataa koili ya 0.47 nikashangilia ya 470, na mpunga wangu ukabaki mikononi mwa ng'ombe

Vijana, na wakuu wengine wote mliomo humu, hamjambo.

Nawaletea jambo lililonipata mimi mwenyewe hapa kwetu, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Garsen, upande wa mto. Sitaongeza hata punje. Akaunti ni ya mkamwana wangu Habona, lakini maneno ni yangu na kidole kinachochapa ni changu, kimoja tu, kwa hiyo mwenye haraka apite.

Shule niliacha darasa la tatu.

Lakini leo hii mtu akiniuliza maikrohenri ngapi zinaingia katika milihenri moja, namjibu kabla hajafunga mdomo. Nimefurahi hata usingizi wa mchana umenikataa. Ndiyo maana niko hapa.

Tuanze.

Mimi nalima mpunga kando ya Tana. Jirani yangu ni Mzee Barisa, Muorma, mfugaji. Zamani ng'ombe wake wakitoka nyikani kuja kunywa mtoni walipita malka, yaani ile njia ya mifugo ya kushukia majini, na malka yenyewe ilikata katikati ya ardhi yangu. Waliozaliwa huku wanajua njia kama hiyo inaweza kuwafanya watu wazima washikiane fimbo. Mimi na Barisa hatukufika kwenye fimbo, lakini kwa maneno tulitukanana vya kutosha.

Nilipofungiwa pampu ya sola tukakaa chini tukaelewana. Pampu yangu ivute maji mtoni. Bomba moja liende mpungani, la pili lipande mpaka kwenye hodhi la saruji kule juu, nyika inapoanzia. Ng'ombe wanywe huko huko, wasishuke. Yeye naye akaniachia ile njia niilime.

Hatukuandika mahali. Alileta kibuyu cha maziwa, mimi nikapika wali na kambare. Wali alikula. Kambare alimtazama tu, kwao samaki si chakula.

Kwa hiyo, vijana, mpunga wangu wa msimu huu umesimama juu ya njia ya ng'ombe. Shikeni hilo vizuri. Maji yakikosekana hodhini, ng'ombe wana haki ya kurudi njiani kwao, na mimi sina mpunga tena.

Basi pampu ikafa.

Ilikufa kiangazi kimekaza, mpunga ndio kwanza unatoa mashuke. Jua lipo, paneli ni nzima, pampu kimya. Hodhi likakauka hadi likapasuka rangi.

Barisa akaja, akasimama nje ya ua na fimbo yake mabegani.

"Mama Komora, ng'ombe yangu inalamba saruji."

"Nimemwita fundi, mzee."

"Ng'ombe haijui fundi. Inajua njia. Sasa mimi nazungusha kwa malka ya mbali, lakini ndama inalala njiani, haifiki. Nakungojea mpaka Ijumaa. Nikitoka msikitini nikikuta hodhi kavu, nafungua njia."

Sikumkasirikia. Angekuwa mtu mwingine angefungua siku ile ile bila kunibishia hodi.

Fundi wetu ni Jilo, anakaa Bura, anatengeneza pampu za wakulima wa kule kwenye mifereji. Alikuwa na kazi, hakuweza kuja papo hapo. Akamwambia Habona kwa simu afungue lile boksi linalotawala umeme wa pampu, apige picha, atume. Tukatuma. Akatupigia.

"Koili imeungua. Mtafute koili ya maikrohenri mia nne na sabini, waya wake uwe mnene. Nikija nafunga."

Koili, kwa msiojua kama mimi nilivyokuwa sijui, ni waya wa shaba uliozungushwa kama uzi kwenye kibiringo. Umeme ukija kwa kurukaruka, koili inautuliza uende taratibu. Nguvu hiyo ya kutuliza ndiyo inayopimwa kwa henri, kama mchele unavyopimwa kwa kilo.

Habona akasema, "Mama, niende mimi." Nikamwambia akae. Kununua ni kazi yangu. Jumatano hiyo nikapanda bodaboda, njia nzima nasema moyoni mia nne na sabini, mia nne na sabini.

Hilo lingine, la maikro, niliona ni pambo tu. Nikaliacha nyumbani.

Pale Garsen kuna binti anaitwa Amina, anauza na kutengeneza spika. Wapiga muziki wa harusi wote huenda kwake. Nikamwambia nataka koili, waya mnene, mia nne na sabini. Akainama chini ya meza akatoa pete ya waya wa shaba, nono kama andazi. Imebandikwa karatasi: 0.47 mH.

"Hii hapa nyanya. Ya spika, lakini itakufaa."

"Hii ni sifuri nukta nne saba. Mimi nimesema mia nne na sabini."

"Ni hiyo hiyo. Yako wameihesabu kwa maikro, hii imeandikwa kwa mili."

Sasa nisikilizeni. Mimi nimeuza mchele soko lile tangu ujana. Najua wachuuzi wanavyochukua gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, wakaibonyeza kitako kwa ndani, ukitazama juu imejaa, ukifika nyumbani haifiki. Nimewafichua wengi. Kwangu mimi kipimo kidogo kina jina moja tu, nalo ni wizi.

Nikamwambia, "Amina, mimi nilikuwa soko hili kabla mama yako hajaolewa. Mtu akiniambia ndogo na kubwa ni sawa, najua kitako kimebonyezwa."

Watu waliokuwapo wakacheka. Amina hakucheka. Akairudisha koili chini ya meza, akasema, "Haya nyanya."

Nikavuka barabara. Kuna mzee ana sanduku la vipuri vilivyochanganyika kama mboga za sokoni. Nikamtajia mia nne na sabini, akachokoa, akachokoa, akanipa kidude kama punje ya haragwe. Imeandikwa 470 mH.

Mia nne na sabini kamili. Sikuangalia waya, sikuangalia herufi. Namba imekaa kama nilivyoitaka.

Amina akapaza sauti kutoka mlangoni pake, "Nyanya, hiyo inazidi mara elfu."

"Ikizidi ni nyongeza," nikamjibu. "Nani alishawahi kukataa nyongeza?"

Hata vijana wa bodaboda walinipigia makofi. Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa.

Alhamisi asubuhi Jilo akafika na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Nikampa uji, nikampa na koili yangu. Akaigeuza kwenye vidole, akaitazama kwa karibu, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka yai.

"Nyanya, nani amekuuzia hii?"

"Kwani ina nini? Si mia nne na sabini?"

"Ni mia nne na sabini za mili. Sisi tunataka za maikro. Halafu tazama waya wake, unywele wa mtoto. Umeme wa pampu ukipita hapa, hii inaungua kabla hujasema amina."

"Sasa nataka uniambie," nikasema, "na usiniambie kwa herufi. Niambie kwa vitu."

Maskini Jilo akajaribu. Akachukua kijiti akachora mchangani henri, mili, maikro, akaweka sifuri nyingi kama mavi ya mbuzi. Sikuona kitu. Nikaanza kupanda hasira, na nikikasirika mimi ua mzima unajua.

Hapo ndipo Barisa alipoingia. Alikuwa anatoka kuchanja ndama, sindano kubwa ya plastiki bado iko mkononi. Alikuja kuangalia kama fundi amefika.

Habona, ambaye alikuwa anaosha vyombo, akasema bila kugeuka, "Mama, mili ni ile ile ya mililita."

Jilo akaruka. Kweli aliruka, hata kiti kikaanguka.

"Ndiyo hiyo. Nyanya, lile tanki lako ni la lita ngapi?"

"Lita elfu."

"Hilo liite henri moja. Na hilo jagi?"

"Lita moja."

"Hilo ni milihenri moja. Majagi elfu yanajaza tanki. Mzee, naomba sindano yako." Akaonyesha mstari mmoja ubavuni mwa sindano. "Mstari huu ni mililita moja. Hiyo ni maikrohenri moja. Mistari elfu kama hii inajaza jagi."

Nikachukua jagi mwenyewe. Lina alama ubavuni, mia, mia mbili, mpaka elfu. Nikatia maji kidogo kidogo mpaka karibu na mia tano, nikapunguza kidogo. Mia nne na sabini za sindano. Nikaliweka mezani, wote tukalitazama.

Maji yalikuwa chini kidogo ya nusu jagi.

"Kwa jagi, haya ni ngapi?" nikauliza, ingawa nilishaanza kusikia joto kifuani.

"Sifuri nukta nne saba ya jagi," akasema Jilo.

Vijana, nilijipiga kofi la paja hata kuku wakakimbia. Maji ni yale yale. Ukiyahesabu kwa sindano ni mia nne na sabini, ukiyahesabu kwa jagi ni sifuri nukta nne saba. Kitako hakikubonyezwa. Amina aliniambia ukweli mtupu mbele za watu.

"Na hii haragwe yangu?"

"Hiyo ni majagi mia nne na sabini. Karibu nusu ya tanki zima."

Barisa akaangalia sindano yake, akaangalia tanki, akatikisa kichwa.

"Mama Komora, daktari akiniambia chanja mstari mmoja, mimi nikichanja jagi moja, ndama inakufa na daktari ananifunga kamba."

"Lakini mzee, mimi nilifikiri ikizidi ni nyongeza."

"Mchele iko na nyongeza. Dawa haina."

Jilo akasema ndivyo koili ilivyo. Ndogo mno haitulizi umeme, kubwa mno inakuwa kama breki iliyokamatwa, umeme wenyewe hausogei inavyotakiwa. Inataka kipimo chake.

Hapo nikataka kujipima mwenyewe. Nikamwambia Habona aache vyombo anitajie namba.

Milihenri mbili? Maikro elfu mbili. Maikro mia moja? Nukta moja ya mili. Nusu ya henri? Mili mia tano. Ukitoka kipimo kikubwa kwenda kidogo unazidisha kwa elfu, ukipanda kutoka kidogo kwenda kikubwa unagawa kwa elfu. Nukta inahama tarakimu tatu, haizidi wala haipungui. Jilo akaniambia iko nyingine tena, nanohenri, ukiugawa mstari mmoja wa sindano mara elfu. Hiyo wanaitumia ndani ya simu. Nikamwambia hiyo ni jasho la sisimizi, lakini nimeielewa.

Barisa akatukatiza. "Ninyi mnafurahi. Kesho ni Ijumaa."

Alikuwa na haki. Nikapanda bodaboda tena.

Amina aliponiona hakusimama. Nikamwamkia mimi kwanza, jambo ambalo silifanyi.

"Nimekuja kuchukua ile sifuri nukta nne saba."

"Ile ya kitako kilichobonyezwa?"

"Hiyo hiyo. Kitako ni kizima. Nilikukosea mbele za watu na nakwambia mbele za watu."

Akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Nyanya, imekwenda. Wenye spika ya harusi wameichukua asubuhi. Ilikuwa ya mwisho."

Nikakaa juu ya spika moja pale pale. Niliona mashuke yangu yamelala chini ya kwato, na niliona kosa si la ng'ombe wala la Barisa. Koili ilikuwa mbele yangu nikaikataa.

Nikampigia Jilo. Akasema, "Angalia kama zipo mbili ndogo zenye waya mnene. Nikiziunga moja nyuma ya nyingine nguvu zake zinajumlika. Zikifika karibu na ile yetu, inatosha."

Amina akamwaga boksi zima juu ya meza. Zenye waya mnene zilikuwa chache. Moja imeandikwa 0.33 mH. Nyingine imetoka kiwanda kingine, imeandikwa 150 µH, na hiyo alama ya mwanzo ni kama herufi u iliyoota mkia, ndiyo maikro yenyewe.

Hebu fikirini. Sifuri nukta tatu tatu, ujumlishe na mia moja na hamsini. Nyanya wa Jumatano angesema mia na hamsini na kitu, haifiki, twende zetu.

Lakini huwezi kujumlisha majagi na mistari ya sindano. Kwanza uvifanye kitu kimoja.

Nikaishika ile ya mili. Jagi moja ni mistari elfu. Nukta ihame tarakimu tatu. Sifuri nukta tatu tatu ya jagi ni mistari mia tatu na thelathini. Ongeza mia moja na hamsini.

"Mia nne na themanini," nikasema.

Amina alikuwa anabonyeza simu yake. Akaigeuza nione. Mia nne na themanini.

"Nyanya, si jana tu ulikuwa..."

"Jana ni jana. Zifunge."

Nikampigia Jilo tena. "Tumepata mia nne na themanini. Za maikro," nikamalizia, maana sasa silisahau. "Zimezidi kumi."

"Zinafaa kabisa. Hata kiwandani huziachia zizidi au zipungue kidogo."

"Kwa hiyo hizo kumi ni nyongeza?"

"Hiyo nyongeza naikubali, nyanya."

Amina alicheka mpaka akashika meza.

Ijumaa. Jilo alianza kazi jua likiwa bado chini. Koili hazikuingia ndani ya boksi kwa unene wake, akazifunga nje, moja hapa moja pale, akasema zikikaribiana sana zinasumbuana. Mimi nikafunga koki ya mpungani kwa mkono wangu. Mpunga nao ulikuwa na kiu, majani yameanza kujikunja, lakini nilisema maji yote yaende hodhini kwanza. Ahadi ni ahadi.

Jua likapanda, pampu ikanguruma, ikakohoa, ikanyamaza. Habona akashika kichwa. Jilo akasema ni hewa tu kwenye bomba, mtulie. Kule juu vumbi lilikuwa limeshainuka, wachungaji wamewaleta ng'ombe mpaka mdomo wa ile njia. Nilikuwa nawasikia wakilia. Ng'ombe mwenye kiu analia kama mtu, asikwambie mtu.

Pampu ikanguruma tena. Safari hii haikukohoa.

Mimi sikukaa. Nilipanda kwa miguu nikifuata bomba, mkono wangu juu yake, na nilisikia maji yakinipita ndani ya ile plastiki, baridi, yakikimbia mbele yangu. Nilipofika hodhini yalikuwa yashaanza kumwagika. Ng'ombe mmoja mwekundu mwenye pembe moja akageuza shingo, akaacha njia, akaja. Wengine wote wakamfuata.

Hakuna hata kwato moja iliyogusa mpunga.

Barisa alitoka msikitini na kofia yake nyeupe, akaja moja kwa moja mpaka hodhini. Akatia mkono ndani mpaka kiwiko.

"Mama Komora, hapa iko henri ngapi?"

"Nywesha ng'ombe, mzee."

Tulicheka sote, na mimi si mtu wa kucheka ovyo.

Sasa vijana, mnachokichukua hapa ni hiki. Namba peke yake haisemi ukweli wala uongo, mpaka ujue imepimwa kwa nini. Na si kila kinachozidi ni baraka. Mwenye mpunga na mwenye dawa wote wanapima, lakini hawapimi kwa moyo mmoja. Tena mtu akikueleza usilolijua, muulize vizuri kabla ya kumwita mwizi.

Mafundi mliomo humu, kama nimekosea mahali nisahihisheni, nitasoma yote. Na wengine mniambie ni wapi namba isiyo na kipimo iliwahi kuwaponza. Msinitumie kicheko peke yake, andikeni maneno.

Lile jagi na ile sindano, ambayo Barisa aliniachia baada ya kuichemsha, nimevitundika ukutani jikoni. Na jioni ile ile niliwaita wote wa nyumba yangu, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia: "Kuanzia leo, katika ua huu, mtu asinitajie namba bila kuniambia ni ya nini. Anayesema nipe mbili, atangoja na sahani yake mkononi mpaka aseme mbili za nini."